Waulize Wajuzi: Bunge la Chini la New South Wales, Kalenda Yake na Kaunta Zake

Barua za safari hii nyingi zinahusu Bunge la Chini la jimbo la New South Wales, Australia, ambalo jina lake rasmi ni Legislative Assembly. Linakaa Macquarie Street mjini Sydney. Tuelewane kwanza kwenye neno moja. Hapa "jimbo" ni New South Wales nzima, lenye serikali yake chini ya shirikisho, na sehemu anayowakilisha mbunge mmoja tunaiita "eneobunge", kama wasemavyo Kenya. Ndugu zetu wa Tanzania mliozoea "jimbo la uchaguzi" mtuwie radhi, la sivyo tutachanganyana kabla ya aya ya pili.

Mhariri, salaam. Nimeangalia kalenda ya Bunge la Chini nikaona wiki nyingi ziko tupu. Hawa wabunge 93 wanafanya nini mwaka mzima? (Msomaji, Blacktown)

Wiki iliyo tupu kwenye kalenda ni wiki ambayo ukumbi umefungwa. Ofisi hazijafungwa. Bunge hukutana kwa kawaida Jumanne, Jumatano na Alhamisi za wiki za kikao, kati ya Februari na Novemba, na kalenda ya mwaka huchapishwa mapema. Wiki zilizobaki ni za kamati na za ofisi ya eneobunge, na kwa mwananchi wa kawaida hizo ndizo zenye manufaa zaidi, kwa sababu ndipo mbunge anapatikana.

Ila ujue unampelekea nini. Visa, uraia na kuwaleta jamaa kutoka kambini ni kazi ya serikali ya shirikisho, kwa hiyo mtafute mbunge wa shirikisho. Takataka, bustani na barabara ndogo za mtaa ni za halmashauri. Bunge la jimbo ndilo lenye hospitali za umma, shule za serikali, polisi, leseni za udereva, nyumba za kupangisha za serikali, treni na mabasi. Barua nyingi hupotea miezi miwili kwa kosa hilo tu: mtu anamwandikia mbunge wa jimbo kuhusu visa, anajibiwa kwa upole kwamba barua imepelekwa kwingine, na kule inaanza foleni upya. Kama Kiingereza kinasumbua, piga 131 450, huduma ya wakalimani ya taifa, uombe mkalimani wa Kiswahili kabla ya kuzungumza na ofisi.

Jambo likikwama wizarani, mwombe mbunge wako aulize swali la maandishi. Waziri anatakiwa kujibu ndani ya siku 35, na akipitiliza, Spika hulitaarifu Bunge na waziri huitwa kueleza. Waziri hapendi kusimama kueleza ucheleweshaji, ndiyo maana swali hilo lina nguvu kuliko hotuba. Hoja ya mbunge asiye waziri ni kitu kingine. Inaweza kukaa kwenye orodha bila kuitwa, na ikipita miezi sita inafutika yenyewe. Ukiambiwa "nimeshaweka taarifa ya hoja", uliza imepangiwa siku gani.

Kwetu Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Huko bajeti inapita vipi, na ikichelewa mishahara inasimama? (Mtumishi wa umma, Dodoma)

Mwaka wa fedha ni ule ule wa kwenu, 1 Julai hadi 30 Juni. Mpangilio ndio tofauti. Dodoma makadirio ya kila wizara hujadiliwa ukumbini moja baada ya nyingine kabla ya kupitishwa. Sydney hotuba ya bajeti husomwa kwa kawaida mwezi Juni (2024 ilikuwa tarehe 18, 2025 tarehe 24), miswada ya matumizi ikajadiliwa kwa mkupuo, na mahojiano ya kina ya mawaziri hufanywa baadaye na kamati za Bunge la Juu (Legislative Council, ukumbi wa pili wa Bunge la jimbo), hata kwa mawaziri wanaotoka Bunge la Chini.

Kisheria Bunge la Chini ndilo lenye mfuko. Muswada wa kutoa fedha lazima uanzie huko. Bunge la Juu likiukataa ule wa shughuli za kawaida za serikali, au likiukalia mwezi mzima, Bunge la Chini linaweza kuagiza upelekwe kwa Gavana, mwakilishi wa Mfalme jimboni, atie saini hivyo hivyo. Kipengele hicho ni namba 5A cha Katiba ya jimbo. Kwa miswada mingine njia ni ndefu zaidi: mazungumzo ya wajumbe wa pande mbili, kikao cha pamoja, na hatimaye kura ya maoni ya wananchi.

Kichekesho cha sasa ni kwamba Waziri wa Fedha, Daniel Mookhey, ni mjumbe wa Bunge la Juu. Bajeti yake inahitaji ukumbi asiokuwa na kiti, kwa hiyo hualikwa kwenda kusoma hotuba, na miswada yenyewe hubebwa na waziri mwenzake wa Bunge la Chini.

Kuchelewa kumetokea. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, hotuba ilisomwa 17 Novemba. Mwaka 2023, uchaguzi ulipoleta serikali mpya, ilisomwa 19 Septemba. Mishahara haikusimama, kwa kuwa sheria ya fedha inaruhusu malipo ya muda mpaka bajeti ipite. Lakini ruhusa hiyo ina kikomo, na mwaka 2020 ilibidi irefushwe kwa sheria maalumu.

Muswada unachukua muda gani tangu uwasilishwe hadi uwe sheria? Kitabu changu kinasema "siku tano kamili" na sielewi zinahesabiwaje. (Mwanafunzi wa sheria, Mombasa)

Waziri akishawasilisha muswada na kutoa hotuba ya kusomwa mara ya pili, mjadala huahirishwa ili zipite siku tano kamili. "Kamili" maana yake siku ya kuwasilisha haihesabiwi, wala siku ya kurudi. Chukua kalenda. Muswada umewasilishwa Jumatano. Alhamisi ni moja, Ijumaa mbili, Jumamosi tatu, Jumapili nne, Jumatatu tano. Mjadala unaweza kuanza Jumanne. Ukiwasilishwa Alhamisi, ni Jumatano. Mwanafunzi anayeacha mwisho wa wiki nje ya hesabu, au anayeihesabu siku ya kuwasilisha, ndiye anayekosa.

Siku hizo zina sababu. Kabla hazijawekwa kanuni za namna hii, upinzani ulikuwa unasoma muswada huku ukisimama kuujibu, na hakuna anayesoma vizuri akiwa amesimama. Zinampa pia nafasi kila anayeguswa kumpigia simu mbunge wake. Serikali ikitangaza muswada ni wa dharura, muda huo unaruka. Ukiona hivyo, uliza dharura ni ipi, maana si kila mara ipo.

Baada ya kupita kusomwa mara ya pili, wabunge wakitaka kubadilisha vifungu huupitia kimoja kimoja. Hakuna anayetaka kuugusa? Unakwenda moja kwa moja kusomwa mara ya tatu, unapelekwa Bunge la Juu, na ukibadilishwa huko unarudi. Kisha Gavana. Hapo ndipo kosa la pili la mitihani: saini ya Gavana si siku ya kuanza kutumika. Sheria ikinyamaza kuhusu tarehe, huanza siku 28 baada ya saini; ikisema "siku itakayotangazwa", inaweza kukaa kabatini kwa muda mrefu.

Pembeni ipo kamati ya pamoja ya kupitia sheria, ambayo huchapisha taarifa katika wiki za kikao ikitaja muswada unaogusa haki za watu bila sababu ya kutosha. Haiwezi kuzuia chochote, na Bunge linaruhusiwa kupitisha muswada kabla kamati haijasema neno. Taarifa zake hata hivyo ni dhahabu kwa mwanafunzi: kurasa chache zinakuonyesha vifungu vyenye kasoro.

Kanuni ndogo zinazotungwa na wizara zina njia yake. Bunge lolote kati ya mawili linaweza kuzifuta, mradi taarifa itolewe ndani ya siku 15 za kikao tangu zilipowasilishwa mezani. Siku za kikao, si za kalenda. Kwa siku tatu kwa wiki hizo ni wiki tano za kikao, na kukiwa na mapumziko katikati, dirisha hilo hubaki wazi kwa miezi.

Shikamooni. Tumekusanya sahihi zaidi ya 600 kuomba mlinzi wa kivuko mbele ya shule ya watoto wetu. Ofisi ya mbunge ikatuambia karatasi nyingi hazifai. Tumekosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Wollongong)

Marahaba, Mama. Kwanza mmebisha mlango sahihi: walinzi wa vivuko vya shule wako chini ya serikali ya jimbo. Tatizo liko kwenye karatasi, na karibu kila mara ni moja ya haya.

Kubwa kuliko yote ni kurasa zisizo na ombi. Watu huandika ombi zuri kwenye ukurasa wa kwanza, kisha wanapitisha kurasa tupu zenye mistari ya majina. Kila ukurasa wenye sahihi lazima uwe na maneno ya ombi juu yake, yale yale, neno kwa neno, kwa sababu karani anayekagua hana njia nyingine ya kujua aliyesaini alikuwa anasaini nini. Sahihi 40 chini ya ukurasa mtupu ni sahihi za kitu kisichojulikana, na hazihesabiwi.

Pili ni nakala. Sahihi lazima iwe ya mkono kwenye karatasi ya asili. Fotokopi, picha iliyotumwa kwa WhatsApp kisha ikachapwa, au mtu mmoja kuandika majina ya familia nzima kwa mwandiko mmoja, vyote vinaondolewa. Karani anaona mwandiko unaofanana mistari minane mfululizo, hahitaji mashine. Tatu ni viambatisho: barua ya mwalimu mkuu, picha za barabara, ramani. Vitu hivyo mpeni mbunge kando, msivibane pamoja na ombi. Na lugha: ombi liwe kwa Kiingereza, au liwe na tafsiri iliyothibitishwa. Njia isiyo na usumbufu ni kuandika Kiingereza kwenye ombi, na kuwa na karatasi ya Kiswahili mkononi ya kuwaelezea majirani kabla hawajasaini.

Namna ya kuandika ombi lenyewe: lielekezwe kwa Spika na wabunge wa Legislative Assembly, sentensi mbili tatu za tatizo, kisha sentensi moja ya mnachotaka. Moja. "Tunaomba serikali iweke mlinzi wa kivuko barabara fulani, mbele ya shule fulani, saa za kuingia na kutoka." Mkiongeza taa, mabasi na uzio, waziri atajibu lile lililo rahisi na mengine atayazungumzia kwa jumla. Msitukane mtu, msimtaje mtumishi kwa jina.

Hamwezi kuliwasilisha wenyewe. Lazima mbunge alipokee na kulipeleka ofisi ya Karani wa Bunge. Huko linakaguliwa, linahesabiwa, na kutangazwa Bungeni. Likiwa na sahihi 500 au zaidi zilizokubaliwa, waziri lazima ajibu ndani ya siku 35, na jibu huchapishwa. Ndiyo maana, Mama, 600 ni kidogo mno kwa usalama. Wakiondoa 110 mnabaki 490, na waziri halazimiki kuandika hata mstari. Lengeni 750.

Lipo pia ombi la mtandaoni, ambalo linahitaji mbunge wa kulidhamini. Likifika sahihi 20,000 linajadiliwa ukumbini. Kwa kivuko cha shule moja hamtafika huko wala hamhitaji. Jibu la waziri lenye tarehe ndilo la kushika mkononi mnapokwenda kumwona mbunge mara ya pili. Kumbukeni watiaji sahihi wawe wakazi wa jimbo. Shangazi wa Nairobi na mjomba wa Bujumbura wawaombee dua tu.

Spika wa sasa si wa chama tawala. Hilo linawezekanaje? (Msomaji, Kampala)

Hesabu ndiyo iliyoamua. Uchaguzi wa 25 Machi 2023 uliipa Labor, chama tawala cha sasa, viti 45 kati ya 93, na wingi unaanzia 47. Spika katika Bunge hili hapigi kura ya kawaida. Hupiga moja tu, kura zikilingana. Kama Labor wangemweka mtu wao kitini, wangebaki na kura 44 ukumbini. Mei 2023 akachaguliwa Greg Piper, mbunge wa kujitegemea wa Lake Macquarie tangu 2007, na Labor wakabaki na 45 zao zote kati ya 92. Bado hazikutosha, kwa hiyo Waziri Mkuu wa jimbo, Chris Minns, ilibidi atafute za wengine muswada kwa muswada.

Na ndiyo maana wanadhimu wa vyama, wanaohakikisha wabunge wao wanafika kupiga kura, hawalali wiki za kikao. Kengele za kura zikilia mbunge akiwa jengo la pili anasubiri lifti, milango hufungwa na kura yake inabaki nje. Akidi si tatizo kubwa, ni wabunge 20 bila kumhesabu Spika. Tatizo ni pale tofauti ya kura ni mbili au tatu.

Nani hasa anaendesha shughuli za ofisi, na nani anawakagua? (Mhasibu, Muscat)

Spika ni mwenye nyumba, Karani wa Bunge ndiye msimamizi wake. Karani haji wala haondoki na serikali, na idara yake ndiyo inayoandaa orodha ya shughuli, kushauri kuhusu kanuni, kupokea hati na maombi, na kuhudumia kamati. Bunge la Juu lina idara yake pia. Ya tatu ni ya huduma za pamoja: ulinzi, maktaba, kompyuta, mgahawa, ukarabati. Wahasibu wapya hushangaa kwa nini lifti ikiharibika hakuna wa Bunge la Chini mwenye bajeti ya kuitengeneza. Ni ya idara ya tatu.

Fedha za Bunge hutengwa kwa muswada wake peke yake, ukitembea sambamba na ule mkubwa wa serikali, ili isionekane waziri ndiye anayelilisha Bunge linalomchunguza. Posho na stahili za wabunge hupangwa na baraza huru la malipo, na Mkaguzi Mkuu hukagua matumizi yake. Yanayokataliwa mara nyingi ni madogo: risiti isiyoonyesha kazi, safari iliyochanganya mkutano wa chama na wa Bunge, kipeperushi kilicholipiwa na umma lakini kinaomba kura. Wabunge pia hutangaza mali na maslahi yao kila mwaka katika daftari lililo wazi kwa umma.

Kamati ya Hesabu za Umma ina wajumbe sita, wote wa Bunge la Chini, na hufuatilia kama mapendekezo ya Mkaguzi Mkuu yametekelezwa. Serikali ina miezi sita kujibu ripoti ya kamati.

Nikitaka kujua mbunge wetu alipigaje kura, natafuta wapi? (Mtangazaji wa redio ya jamii, Coffs Harbour)

Kuna hati tatu na kila moja ina kazi yake. Orodha ya shughuli inasema yatakayokuja. Kumbukumbu rasmi za kikao, ziitwazo Votes and Proceedings, zinasema kilichoamuliwa, pamoja na majina ya kila upande kura zilipogawanyika. Hansard ina kilichosemwa. Watangazaji wengi hukimbilia Hansard, wakasoma hotuba kali ya kupinga, kisha wakatangaza mbunge alipinga. Soma mpaka kwenye kura. Na majina hupatikana tu kura zikihesabiwa kwa kugawanyika; zikipita kwa sauti za "ndiyo" na "hapana" hakuna orodha, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa kutoonekana.

Kura yangu ya shirikisho iliharibika kwa sababu niliweka 1 peke yake, na jirani anasema inatosha. (Msomaji, Newcastle)

Inatosha kwa Bunge la Chini la jimbo. Kwa Bunge la Wawakilishi la shirikisho lazima ujaze namba kwenye visanduku vyote. Jirani yako yuko sahihi kwa karatasi moja na amekosea kwa nyingine. Ya jimbo ijayo ni 27 Machi 2027, kwani huwa Jumamosi ya nne ya Machi kila miaka minne.

Mgeni anaruhusiwa kuingia kutazama? (Msomaji, Mwanza)

Anaruhusiwa, bure, akipita ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege. Kwa kipindi cha maswali weka nafasi mapema, na simu izimwe ukiwa roshani ya wageni. Sehemu ya mbele ya jengo ni ubavu wa hospitali iliyojengwa kati ya 1811 na 1816 na wakandarasi waliolipwa kwa haki ya kuingiza pombe ya ramu. Ukumbi wenye viti vya kijani ni wa 1843. Viti vyekundu ukiviona, umepotea: hapo ni Bunge la Juu, rudi ulikotoka, ushike ukumbi wa upande wa pili.